Kamyo Iliyomuleta Wabiwa

Vijana, nimewazoesha vibaya. Munafika hapa barazani kwangu Nyalukemba na kamyo zenu ndogo za karato, ile karatasi ngumu, chini ya kwapa, munaziweka juu ya meza yangu bila hata kuuliza kama nimekunywa chai, munasema, "Tonton Murhula, angalia." Bon, naangalia. Naona taa ndogo zinazowaka kwa betri ya telefone, naona milango inayofunguka, na moyo wangu unafurahi, siwezi kuwaficha. Kisha munauliza lile swali lenu: ile kamyo ya juu ya kabati, yenye bashi, ile nguo ya kufunika mizigo, na kamba zake zote, kwa nini haina rangi? Nami najibu kwamba nitaipaka kesho. Wengine wenu mumeoa mukingojea kesho hiyo.

Sasa nimeipaka. Nimeihamisha chumbani kwangu, ndiyo maana hamuioni tena juu ya kabati. Nitawaonyesha, lakini mukiiona mbele ya kusikia habari yake mutasema muzee amesahau kazi. Kaeni kwanza.

Mimi nilikuwa toliye, hilo munalijua. Gari ikigongana, au ikilala ubavu huko mulimani Ngomo, ikarudishwa mujini imekunjamana, ni mimi niliyekuwa nanyoosha mabati yake kwa nyundo. Nilitumika katika garaje moja tu, huku chini karibu na ziwa, mpaka mwenyewe alipoifunga na mahali pale pakajengwa nyumba ya gorofa. Siku hizi nikipita pale najifanya sioni. Kamyo ndogo hazikuwa kazi yangu, zilikuwa raha yangu. Lakini nilizianza kwa sababu ya kazi, na aliyenianzisha ni Muzee Birindwa, mukubwa wetu wa garaje, mutu mufupi, mukali, ambaye masikio yake yalikuwa yameharibiwa na makelele ya nyundo, na kwa hiyo alisema kila kitu kwa sauti ya kuita mutu wa ng'ambo.

Muzee Birindwa hakuruhusu mutu aguse kabini ya kamyo ya mwenzake mbele ya kutengeneza kabini ndogo kwa mukebe wa tomati. Unakata, unakunja, unapiga pole pole juu ya kipande cha reli, unaunga kwa risasi iliyoyeyuka juu ya mbabula, lile jiko la makaa. Kisha unamupelekea. Akikuta kona moja imepinda, anaiweka chini na kuikanyaga. Anaikanyaga tu na kwenda kunywa chai yake. Wenzangu walipofaulu huo mutihani walitupa mikebe na kumushukuru Mungu. Mimi nikashindwa kuacha. Nilitia shasi, ile fremu ya gari, chini ya kabini, nikatia magurudumu, nikatia resori, zile springi, na mwishowe mama yangu akaanza kuuliza kama huko garaje wananifundisha kazi au wananirudisha utoto.

Kipimo chetu kilikuwa cha mwili. Mukono mumoja wa kamyo ya kweli, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, unakuwa upana wa kidole kimoja kwa kamyo ndogo. Ninyi munatumia rula, ni vizuri, sikatai. Ila jueni kwamba kidole lazima kiwe cha mutu mumoja toka mwanzo hadi mwisho. Nitawaambia kwa nini.

Na hili muandike kichwani. Bati la tomati ni laini, linasikia, liwekeni kwa kabini. Bati la maziwa ya unga ni gumu na lina kiburi, liwekeni kwa shasi. Resori zinatoka kwa mbavu za mwavuli uliovunjika. Magurudumu mutayakata kwa kandambili zilizokwisha, na mukishayakata muyasugue juu ya jiwe, kila moja kwa namna yake, maana mimi sijaona kamyo ya hapa kwetu yenye matairi yote mapya. Ninyi munayaacha yanang'aa. Hapo ndipo kamyo zenu zinanikasirisha.

Mimi pia niliangukia hapo. Shofere mumoja aliniomba nimutengenezee kamyo yake, akaiweke sebuleni. Nikapima, nikakata, nikapaka. Ilisimama sawa kabisa, ungeiwekea glasi ya maji mgongoni. Alipokuja kuichukua aliizunguka, akainama, akaitazama kwa mbele, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Papa, hii ni gari ya muzuri. Lakini haiko yangu. Yangu inalalaka kushoto." Na ilikuwa kweli. Kwa kubeba mizigo isiyolingana miaka na miaka, resori zake za kushoto zilikuwa zimelegea, na hata mbali barabarani ulikuwa unaijua kwa vile inavyolala mbele ya kusoma jina lake. Mimi nilikuwa nimemutengenezea kamyo iliyotoka kiwandani jana.

Muzee Birindwa alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka alinipa sheria, na ndiyo sheria pekee aliyowahi kunipa kwa mudomo: kamyo ndogo isiseme uongo juu ya kubwa. Kubwa ikiwa na kidonda, ndogo iwe nacho. Mulango mumoja ukiwa umetoka kwa gari lingine na rangi haifanani, paka hivyo hivyo. Nimeishi na sheria hiyo kuliko amri nyingi za kanisa, Mungu anisamehe. Mufanyabiashara mumoja aliwahi kuniomba gari lake bila lile bonde lililokuwa kwa pua. Nikamwambia anyooshe kwanza lile kubwa, garaje iko wazi. Aliondoka amenuna, na baadaye akalileta linyooshwe.

Sasa Wabiwa, bibi yangu. Ninyi mulimujua kama Mama Furaha, yule aliyekuwa anawapa mandazi wakati mimi ninawakaripia. Lakini mbele ya kuwa mama wa mutu alikuwa dada wa Mwenga, Murega kamili, na aliingia Bukavu akiwa amekaa juu ya mizigo ya kamyo ya shofere mumoja anayeitwa Chishugi. Ilikuwa zile kamyo za zamani zenye pua ndefu. Imebeba mawese, imebeba mikungu ya ndizi, imebeba watu. Kufika mujini ikagonga ukuta, pua yote ikaingia ndani. Hakuna aliyeumia, lakini kamyo ililetwa garajeni kwetu ikivutwa. Abiria wote wakajiendea. Yeye akabaki, kwa sababu mufuko wake ulikuwa nyuma ya kiti cha shofere, na bati lilikuwa limekunjamana na kuubana.

Nikapewa kazi ya kuutoa. Vijana, ningeweza kuutoa haraka. Sikuutoa haraka. Nilipiga hapa, nikapiga pale, nikaenda kutafuta nyundo nyingine ambayo sikuihitaji. Yeye alikuwa amekaa juu ya rimu la gurudumu, ananitazama, na mwishowe akasema kwamba sisi Bashi, watu wa kupenda ng'ombe, kama kilichobanwa mule kingekuwa ng'ombe, tungekuwa tumeshamaliza. Nilicheka hata nyundo ikaniangukia mguuni. Tangu siku ile kila mara nilipomuudhi alinikumbusha ng'ombe.

Tulipooana akakuta mikebe nyumbani. Mwanzoni aliona amepata mume aliye na kichwa kibovu. Kisha siku moja akavuta kiti, akakaa ng'ambo ya meza, akaniambia bashi niliyofunika ilikuwa aibu. Nilikuwa nimekata kitambaa kipya na kukigundisha kwa gundi. Akaenda kutafuta mwavuli muzee, akauchuna nguo yake, akaifua na kuianika juani mpaka ukaisha ule mung'ao, akaisugua kwa vumbi la tofali. Halafu akaifunga kwa uzi, fundo kwa fundo, vile vile wanavyofunga wale vijana wanaopanda juu ya mizigo, ile fundo inayokazana yenyewe kamyo ikiruka shimoni. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akanijibu kwamba toka Mwenga hadi Bukavu hakuwa na kitu kingine cha kutazama. Kuanzia hapo chuma kilikuwa changu, nguo na kamba na mbao zikawa zake.

Tukatengeneza pamoja kamyo nyingi, siwezi kuzihesabu. Moja ilikuwa na remorki, lile tela la kuvutwa nyuma, na ndiyo ile niliyosema juu ya kidole. Mimi nilitengeneza kabini kwa kidole changu, yeye akatengeneza remorki kwa kidole chake, kila mutu kwa upande wake wa meza. Siku ya kuunganisha, remorki ilionekana kama imeazimwa kwa mutoto. Nilisema vidole vyake ni vyembamba kupita kiasi. Yeye akasema ni vyangu vilivyonenepa kwa bugali. Hatukuitengeneza upya. Kila mugeni aliyeuliza alikuta ugomvi unaanza tena, na mugeni akacheka, na chai ikapoa.

Ile ya juu ya kabati ndiyo kamyo ya Chishugi. Kubwa yenyewe iliuzwa zamani, ikakatwa vipande, hatukuwa na picha yake hata moja. Nani zamani alipiga picha kamyo? Tukaijenga kwa kumbukumbu. Kila kitu tulikubaliana. Pua ndefu, tulikubaliana. Kioo cha kulia kilichopasuka na kufungwa kwa waya, tulikubaliana. Ubao wa nyuma uliovunjika pale alipokuwa ameegemea, aliuvunja yeye mwenyewe kwa meno ya koleo ili uwe sawa. Tukakwama kwa rangi. Mimi nilisema kijani. Yeye akasema buluu.

Nilimwambia mimi ndiye niliyeinyoosha kwa mikono hii. Akaniambia mimi niliiona imepondeka, ndani ya giza la garaje, imejaa matope, lakini yeye aliikalia jua likiwa juu yake safari nzima. Nilimwambia mutu aliyekaa juu ya mizigo haoni ubavu wa gari. Akaniambia mutu aliyekuwa anamutazama abiria haoni gari kabisa. Alisema kweli. Lakini sikukubali buluu. Sheria ya Muzee Birindwa ilikuwa hapo: siwezi kupaka rangi ambayo sina hakika nayo. Kwa hiyo ikabaki bati tupu, ikakaa juu ya kabati, na mangaribi, kazi zikiisha, mumoja wetu alikuwa anaitazama na kusema neno moja tu, kijani, au buluu, na tunaanza.

Kisha tukasikia pale parokia kwamba Chishugi amezeeka, ameacha usukani, amerudi kwao Nyangezi. Siku ile ile nikavaa viatu. Kwenda Nyangezi ni safari fupi, nimuulize, nirudi, mambo yaishe. Wabiwa alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Papa Furaha, toa viatu," akasema. "Tukisha kujua, mangaribi tutakuwa tunazungumuza nini?"

Nikatoa viatu.

Sitawaeleza ugonjwa wake, haukuwa murefu na hauna cha kufundisha mutu. Alikwenda. Munajua, mulibeba sanduku pamoja na mimi. Lile musilolijua ni meza. Vyombo vyangu vyote bado viko upande wangu, vinabanana, koleo linaanguka, mukasi unaanguka, ninainama kuokota na mugongo unalia, na upande wake hakuna kitu. Siwezi kuweka kitu pale. Nimejaribu kuweka hata kikombe, nikakirudisha. Ninamutamani, vijana. Nasema hivyo waziwazi, mutu wa umri wangu. Natamani hata ile sauti yake ya kunikatalia.

Na kamyo ilikuwa juu ya kabati, tupu, na hakuna wa kusema buluu. Niliogopa kitu kimoja: kwamba nami nitakwenda, Chishugi atakwenda, na hakuna mutu duniani atakayejua kamyo iliyomuleta Wabiwa ilikuwa ya rangi gani. Nikawaza kwamba nikijua kweli nitakuwa nimeshika kitu. Basi nikavaa viatu tena, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, nikaenda Nyangezi.

Chishugi nilimukuta kwa mulango wa nyumba yake, miguu imevimba, sauti ile ile. Alinitambua mbele sijashuka. Tukaongea juu ya barabara, juu ya kona za Ngomo alizozijua kuliko sura za watoto wake, juu ya wenzetu waliokufa. Kisha akauliza, "Na mama, eko muzima?" Nikamueleza. Alivua kofia, akaiweka kwa goti. Halafu nikamueleza pia ugomvi wetu wa rangi, na kwa nini nimekuja.

Alinyoosha fimbo yake kuelekea nyuma ya nyumba, pale alipokuwa na kibanda cha kuku. Nikaona mulango wa kile kibanda. Ulikuwa mulango wa kamyo.

"Njo ya ile gari," akasema. "Wakati balikuwa banaikata, nikaomba banipe ata mulango."

Kwa nje haukuonyesha kitu, ni kutu na mavi ya kuku. Lakini mimi ni toliye, na toliye hatafuti rangi kwa nje. Anaitafuta kwa bawaba, pale ndani ambapo hakuna burashi inayofika mara ya pili na hakuna mvua inayoingia. Hilo pia muliandike. Nikapiga magoti kati ya kuku, nikatoa kisu, nikakwaruza pole pole. Kijani. Nikakwaruza chini yake, labda kuna rangi nyingine ya zamani iliyofunikwa. Nikakuta ile penture ya kijivu ya kwanza, rangi ya kuanzia, kisha chuma. Nikakwaruza bawaba ya pili. Kijani, kijivu, chuma. Buluu haikuwepo hata kidogo.

Chishugi alikuwa amekuja nyuma yangu na fimbo yake. Akatazama, akatikisa kichwa.

"Njo kusema ulishinda, Papa Furaha."

Nilimushukuru, nikamukumbatia, nikaondoka. Na sasa nawaambia jambo ambalo sijamwambia mutu. Njiani, juu ya ile moto, nilifurahi. Nilifurahi kama mwehu. Nilianza kupanga jinsi nitakavyoingia nyumbani: sitasema kitu, nitaomba chai, nitakaa upande wangu wa meza, nitamuacha aanze yeye, aseme buluu, aseme vizuri, ajitape, halafu nitamueleza mulango wa kuku. Niliona sura yake kabisa, vile angegeuza macho kuelekea dirishani asikubali. Nilikuwa nacheka peke yangu, hata yule kijana wa moto akageuka kuniangalia. Tulikuwa tumeshaanza kuona nyumba za muji niliposhtuka na kukumbuka kwamba nyumbani hakuna mutu. Nilimwambia asimame. Nikashuka, nikakaa pembeni ya barabara, nikalia mbele ya watu wote waliokuwa wanapita na mizigo yao.

Nilikuwa nimeshinda. Kitu kimoja tulichokuwa bado tunakifanya pamoja nilikuwa nimekwenda kukimaliza kwa kisu changu.

Nilikaa na kile kijani kichwani kwa muda. Nilinunua penture yake, nikaifungua, nikaikoroga, ikakauka ndani ya kopo. Kisha siku moja mchana nikashusha kamyo juu ya kabati, nikaipangusa, nikaziba bashi yake kwa karatasi isichafuke, nikatoa burashi yangu nzuri ya mwisho, nikaipaka. Nimeipaka vizuri, pembe zote, ndani ya milango, chini ya bawaba. Hata Muzee Birindwa akifufuka hatakuta tone moja lililotiririka. Ataikanyaga tu, kwa sababu nyingine, na atakuwa na haki.

Ninyi endeleeni na sheria yake. Ninaitaka kwenu yote: kamyo ikilala kushoto, ilale kushoto, tairi likiwa limekwisha, liishe. Mutu akija na hii yangu baada yangu, akiuliza, mwambieni kweli, kwamba kubwa ilikuwa kijani na kwamba Murhula aliijua. Mimi hii moja niacheni. Kila asubuhi ninapoipangusa vumbi namwambia Wabiwa kwamba ilikuwa kijani, na kila asubuhi iko buluu.